Kabla Hujaishusha Mizinga ya Kyalundi

Mwende,

Bado nimekasirika, kwa hivyo usiifungue barua hii ukitarajia pole. Umetoka kwenda kusukwa nywele kwa rafiki yako kule mtaa wa Olympic, Kibera, mama yako mdogo amepeleka watoto wake mazoezi ya kwaya, na mimi nimebaki peke yangu katika chumba hiki cha mtaa wa Kongo, huku Kawangware, begi lako likiwa limesimama karibu na mlango kana kwamba linaogopa kuchelewa. Nikingoja urudi nikuambie kwa mdomo nitapiga kelele, nawe utapiga kelele, na majirani wa Kawangware wameshasikia kelele za kutosha mwaka huu. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Sitakuandikia habari za sweta wala za chandarua. Mama yako mdogo atakuambia hayo yote kesho asubuhi ukiwa umeshaweka mguu mmoja nje, nawe utaitikia ndiyo, ndiyo, kama kawaida yako. Mimi nina neno moja tu, nalo linatokana na yale uliyoyasema Jumapili.

Jumapili uliingia na habari yako ukiwa na furaha hadi ukasahau kuvua viatu. Mlima Kyalundi, ule ule nilikozaliwa kule Kitui, unafanywa mbuga ya kitaifa. Tandala waliobaki watalindwa, miti itapumzika, na wewe umo katika kundi la kwanza la askari wa wanyama watakaokwenda kuianzisha. Nilifurahi, Mwende. Hata kama nilinuna baadaye, ujue kwamba kwanza nilifurahi. Halafu nikakuuliza kazi yenu ya kwanza ni gani.

"Tunaanza na wale watu bado wako huko ndani," ukasema. "Wanahamishwa, na ile mizinga yote inashushwa. Bosi amenipea hiyo side juu najua Kikamba."

Huko ndani amebaki nani? Amebaki kaka yangu, mjomba wako Mutua, na nyumba chache za ukoo wetu. Ulijua hivyo ulipokuwa ukisema. Nilipokutajia jina lake ulinijibu, "Mathe, sheria ni sheria. Na usinilaumu mimi. Huo mlima ni nani aliumaliza? Si ni nyinyi watu wa makaa? Uliuuza hapo kijiji cha Raila mkebe kwa mkebe."

Nikatupa kikombe. Hakikukupata na sikutaka kikupate, lakini nilikitupa, na tangu siku hiyo tunapishana chumbani humu kama wapangaji wawili wasiojuana.

Sasa nijibu. Ni kweli niliuza makaa. Niliuza kwa sababu baba yako alifariki ukiwa bado hujui kutembea vizuri, na kibanda cha makaa pale Raila, kijiji chetu cha Kibera, ndicho kitu pekee ambacho mwanamke asiye na mtu mjini angeweza kukianzisha. Ulisoma kwa makaa. Hata yale mabuti uliyoyavaa ulipokwenda kukimbia na wenzako siku ya kuchaguliwa yalitoka kwenye makaa. Hilo sikukumbushi ili unishukuru. Nakukumbusha kwa sababu ulilisema kama mtu aliyeona uchafu kwenye kucha za mwenzake, na uchafu huo tulikula nao sote wawili kutoka sahani moja.

Na kama tunatafuta waliomaliza mlima, tutafute wote. Wateja wangu wakubwa hawakuwa kina mama wa mkebe mmoja. Walikuwa watu wa mabaa ya nyama choma, wanaonunua magunia na kupakia kwenye magari. Mabosi waliokaa wakapanga hiyo mbuga yako, nakuhakikishia, wamekula mbuzi aliyeiva juu ya mlima wangu wakapangusa midomo. Lakini hakuna aliyemwendea yeyote kati yao na karatasi ya kumwambia ahame.

Ngoja nikuambie mlima ulivyokuwa, maana hukuwahi kuniuliza, na mimi nilikuwa na shughuli nyingi mno kukuambia bila kuulizwa. Hilo ni kosa langu.

Nyumba ya baba yangu ilikuwa juu kidogo ya chemchemi. Asubuhi na mapema tandala walishuka kunywa maji. Ukiona tandala mara ya kwanza unadhani macho yako yanakudanganya, kwa sababu mnyama mkubwa vile, mwenye pembe zilizojisokota na mistari myeupe mbavuni, anasimama kichakani mbele yako na bado humwoni mpaka atikise sikio. Mama alitufundisha kutochota maji kabla hawajaondoka. Hakuna aliyetulipa kwa hilo, wala aliyetuvalisha kofia. Ilikuwa zamu yao, basi, na yetu ilifuata.

Na miti ilikuwa na mizinga. Wewe umeona mzinga kwenye picha za mafunzo yako. Mimi nilishika mwanzi wa moshi chini ya mti huku baba akipanda, nikipigwa na nyuki, nikikatazwa kulia. Kila mzinga ulikuwa gogo lililochimbwa katikati, na kwenye gogo hilo ilikuwepo alama ya ukoo iliyochomwa kwa chuma cha moto. Yetu ilikuwa mistari miwili na nukta. Na kwetu, mti wenye mzinga haukatwi. Hata adui yako haukati. Hata mtu wa kutoka mbali, asiyemjua baba yangu wala babu yangu, akifika na shoka lake anaangalia juu, akiona alama anaenda kwingine. Na kwa kuwa kila mti wenye maana pale mlimani ulikuwa na mzinga wa mtu, au ulikuwa jirani na mti wenye mzinga, mlima ulisimama. Tandala walikuwa na kichaka cha kujificha kwa sababu sisi tulitaka asali.

Halafu wakaja watu wa hifadhi. Nilikuwa msichana mdogo, lakini naikumbuka asubuhi ile vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Walikuwa na rangi nyeupe kwenye madebe, wakapaka mawe. Juu ya mawe ni kwa wanyama, chini ya mawe ni kwa watu. Nyumba yetu ilikuwa juu ya mawe. Walisukuma mlango tukiwa bado tunakunywa uji, mkubwa wao akaingia na kuanza kuhesabu vyungu vya mama kwa fimbo yake. Baba yangu alisimama, mtu mzima, mwenye nyumba, na hakujua aseme nini, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemsemesha. Kwa uso ule wa baba sijawahi kuwasamehe, na sina mpango wa kuwasamehe.

Wakashusha mizinga yote. Walisema ndani ya hifadhi hakutakuwa na kitu cha mtu. Walisema pia, kama ulivyosema wewe Jumapili, kwamba moshi wa warina asali unaleta moto. Sikatai, moto ulishatokea mara moja, na watu wote wa mlima walikwenda kuuzima, baba akipuliza pembe ya tandala kuwaita. Lakini wale walishusha mizinga, wakaipasua kwa mashoka, na nyuki wakazunguka pale chini siku nzima bila kujua waende wapi.

Unajua kilichofuata? Miti ikawa haina mwenyewe. Mtu wa shoka akija anaangalia juu na haoni alama ya yeyote. Walinzi wa hifadhi walikuwa wachache, mishahara ilichelewa, na malori yalikuwa na watu wenye kuelewana nao. Katika miaka michache upande wote wa mashariki ulikuwa matanuri ya makaa yanayofuka. Waliotuhamisha ili miti ipone ndio waliofungua geti. Mutua peke yake alikataa kukaa chini ya mawe. Alirudi kimya kimya upande wa magharibi, akajenga, akatundika mizinga yake upya, na wengine wachache wakamfuata. Sasa jiulize hao tandala wenu waliobaki wamebaki upande gani. Hukuwa na haja ya kwenda mafunzo kujua hilo. Ungeniuliza mimi.

Mimi nilikuja Nairobi na huo mlima ukanifuata kwa magunia. Makaa ya kwetu nilikuwa nayajua. Ukigonga vipande viwili vinalia kama vyombo vya udongo, na vinakaa na moto mpaka maharagwe yaive. Wateja waliyapenda. Nilikuwa nasema, "Haya ni ya Kitui, mama, hutajuta," kwa sauti ya kujisifu kabisa.

Siku moja nilimimina gunia, na katikati ya makaa kikatoka kipande cha gogo ambacho hakikuiva. Kilikuwa kimechimbwa upande mmoja, na juu yake, mistari miwili na nukta. Sijui ulikuwa mzinga wa Mutua au wa binamu yetu mwingine, maana alama ni moja kwa ukoo mzima. Nilikaa chini pale kibandani. Mteja akaniuliza, "Mama, unauza ama huuzi?" Nikainuka nikauza. Niliuza gunia lote siku hiyo, na kesho yake nikachukua jingine kutoka lori lile lile. Kipande nilikificha chini ya kitanda. Ukiniuliza kwa nini sikuacha biashara, sina jibu zuri. Ulikuwa unaanza kidato cha kwanza. Hilo ni jibu, lakini si zuri.

Sasa nije kwenye Januari, kwa sababu tangu tuhamie huku hatujawahi kuizungumzia.

Wewe ulikuwa Olympic kwa rafiki yako, barabara zimefungwa, huwezi kurudi. Mimi nilikuwa kibandani. Tangu kura zitangazwe moto ulikuwa unawaka hapa na pale, lakini hakuna aliyetugusa sisi Wakamba, mpaka yule mwanasiasa mkubwa wa kwetu alipokubali cheo katika serikali ambayo kijiji chetu kiliipinga. Mchana ule ule tukawa wasaliti. Mimi, muuza makaa, ambaye cheo chenyewe nilikisikia kwa redio ya jirani, niliambiwa nimeuza kura za watu.

Jirani huyo ni Mama Achieng'. Unamjua, aliyekulea nilipokuwa nashinda sokoni, mtu wa ziwani kama wengi wa kijiji kile, mwenye mdomo mkali kuliko wangu. Alikuja mbio, akaniambia, "Mama Mwende, ingia kwangu na ufunge mdomo. Ukiongea hiyo Kiswahili yako ya Ukambani watakujua." Akachukua kipande cha makaa kutoka mkebeni mwangu na kuandika jina la mume wake kwenye mlango wa chumba chetu, herufi kubwa. Kisha akarudi mbio kibandani kuandika pale pia.

Kibandani hakuwahi. Nilikuwa chini ya meza yake nikawasikia. Hawakubisha. Walikuja na mapanga na chupa za mafuta ya taa, wakapiga teke mabati, na sauti moja niliifahamu, kijana wa ile ploti ya wapangaji ya mbele aliyekuwa akitumwa na mama yake kununua makaa kwangu kila jioni. Nilikuwa nikimwongezea vipande viwili juu ya mkebe. Alikuwa akisema, "Choma, choma, ni ya Mkamba hii."

Walipofika chumbani kwetu waliona jina, wakapita. Mama Achieng' alisimama mlangoni mikono kiunoni akawaambia, "Mnaangalia nini? Hapa ni kwangu." Mmoja alimsukuma akaanguka kwenye mtaro, na mpaka leo baadhi ya watu wake hawamsalimii kwa sababu yangu. Lakini nyumba ilibaki.

Kibanda kiliungua siku kadhaa. Ghala la makaa halizimiki upesi, unajua. Nilikuwa nauangalia ule moto kupitia tundu la bati nikajua kwamba hiyo ni miti ya kwetu inachomwa mara ya pili. Sikulia. Nilikuwa na hasira tu, na nimekuwa nayo tangu siku ile. Tukaja huku Kongo kwa mama yako mdogo, na huku nako tukakuta watu wanaambiana nani aondoke ploti gani. Wakubwa wamepeana mikono, redio zinasema amani, na hakuna aliyekuja kuniuliza kibanda changu kilikuwa na ukubwa gani.

Nimefikiri sana jina lile mlangoni. Watu wenye mapanga, waliokuwa wamelewa hasira, waliona alama ya mwenye mahali wakapita. Ndivyo mtu wa shoka alivyokuwa akipita chini ya mizinga ya baba. Wewe unakwenda kufuta alama hizo kwa mara ya pili, Mwende, kwa roho safi kabisa, ukiamini unaokoa tandala. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yako kuhusu makaa. Maneno yako yalikuwa ya kweli.

Usinisikie vibaya. Naitaka hiyo mbuga. Naitaka kuliko mabosi wako. Nataka malori yafungiwe njia, nataka anayefungua geti usiku akamatwe hata kama ni mkubwa wako, na nataka siku moja uniandikie kwamba umemwona tandala akitikisa sikio. Kama kulinda chemchemi ile kunahitaji nyumba zisogee, basi nyumba zisogee, lakini wenye nyumba waulizwe wanasogea wapi, na mizinga ibaki juu. Waambie hivyo. Ukiogopa kusema, sema ukiwa unaogopa. Utaitwa mtu wa kabila lake. Watasema umetumwa na ukoo. Mimi nimeitwa mabaya zaidi na niko hapa naandika.

Na wakikataa? Nimejiuliza hilo tangu Jumapili. Sitakuambia uache kazi. Najua ulivyokimbia katika lile jua kuipata, na najua hapa mjini hakuna kingine kinachokungoja. Sitakulaani pia, ingawa Jumapili nilisema nitakulaani. Nilisema uongo, nilikuwa nataka uogope.

Ila kuna kitu kimoja hawawezi kukukataza, kwa sababu hakimo katika sheria yoyote, nacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu hii.

Kile kipande cha mzinga nimekiweka ndani ya begi lako, chini ya soksi. Kilikuwa chumbani siku ile ya moto, ndiyo maana hakikuungua. Mpe Mutua. Atajua ni cha nani, na asipojua atakishika tu. Hajakuona tangu ukiwa mtoto wa kubebwa, kwa hivyo hatakujua. Ataona kofia na mabuti yakipanda mlima. Hajasahau mabuti ya wale watu wa hifadhi. Alikuwa amekaa karibu nami siku ile, na uji wake ulimwagika mapajani.

Waliokuja kwa baba yangu walisukuma mlango. Waliokuja kwangu Januari walipiga teke. Wewe ukifika pale, wenzako waache nyuma kidogo. Vua kofia. Simama mbali na mlango ambapo anaweza kukuona mwili mzima. Piga hodi, kwa hicho hicho Kikamba chako cha Kibera, useme wewe ni binti wa nani. Asipojibu, piga tena. Na hata kama ni jua kali, na bosi wako anaita kwa redio, na karatasi ya serikali iko mkononi mwako, usivuke kizingiti cha kaka yangu mpaka uwe umesikia kwa masikio yako akikuambia karibu.

Mama yako